Elfu Mia Moja na Tatu

Shuleni, Endagikot
20 Julai 2025

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Mpe shikamoo Baba Joakimu, na Bibi pia, hata kama atauliza kwa nini sikumwandikia yeye.

Nimefika salama. Ile chupa ya samli uliyonifungia kwenye sweta haikuvunjika, na makande ya hapa yamebadilika kabisa tangu nianze kuyatia kijiko kimoja. Wenzangu wananiita tajiri. Simu ya matroni bado ina foleni ya wasichana hamsini kila Jumapili, na zetu haziruhusiwi, kwa hiyo tuendelee na barua zetu. Hii nampa Tadei, yule wa lori la vitunguu saumu. Ameahidi atapita Gitting kabla ya wiki kuisha.

Nina habari mbili. Ya kwanza, mahafali yetu ya kidato cha nne ni Jumamosi, tarehe 27 Septemba. Ukumbi ni mdogo, kila mwanafunzi anaruhusiwa mzazi mmoja tu. Nimeshamwambia mwalimu wa darasa kwamba wangu ni wewe. Hakuuliza swali.

Ya pili ni ya Mwalimu Renatus wa hisabati. Darasani anatufundisha kwa Kiingereza kama sheria inavyotaka, ila Jumamosi kwenye klabu anafungua shati kifungo cha juu na kuongea Kiswahili. Sisi wa kidato cha nne ametupa kila mmoja namba moja kubwa, anaiita namba ya kulea. Anasema mfugaji anayejua ng'ombe wake kwa jina na kwa madoa hampotezi porini, basi na sisi kila mtu ajue namba yake hivyo hivyo: inagawanyika kwa nini, inakataa nini, ukiigeuza inakuwaje. Siku ya mahafali kila mmoja atasimama mbele na mzazi wake pembeni, aitambulishe namba kwa Kiswahili, wazazi waelewe.

Yangu ni elfu mia moja na tatu. Bado sijaigusa. Nimeona nikuambie wewe kwanza, maana ndiye uliyenifundisha kugawa kwa maharage kabla sijajua hata kushika penseli. Ukipata nafasi, ianze wewe.

Asante kwa samli. Asante kwa sweta. Nikianza kuorodhesha nitamaliza karatasi.

Mwanao,
Violeth


Gitting
3 Agosti 2025

Violeth mwanangu,

Marahaba. Tadei ameleta barua yako ikiwa inanuka vitunguu saumu, nikajua haijapotea njiani.

Huku baridi imekaza, ukungu unashuka mlimani hadi mlangoni. Baba yako Joakimu amemaliza kupiga maharage. Bibi anasema miguu inamuuma, ila jana nilimkuta juu ya ghala anakagua kama nimefunika vizuri. Sisi wengine wazima, tunamshukuru Mungu.

Sasa namba yako. Nilisema nitaigusa jioni moja tu, nikaishia kuunguza mboga. Mtoto, umepewa namba nono. Nimeigawa kwa mbili, ikakubali. Kwa nne, ikakubali. Kwa nane, ikakubali bila kulalamika. Tano, kumi, ishirini na tano, hata mia moja ishirini na tano, zote zinaingia bila kubakisha kitu. Tatu imekataa, saba imekataa, lakini sikujali, nyumba yenye watu wengi haikosi wawili wakorofi. Nimemaliza maharage mezani nikahamia kwenye mahindi. Nimepata vigawo thelathini na viwili. Baba yako amevirudia vyote, anasema hakuna cha uongo. Nimekuandikia nyuma ya karatasi hii.

Ndani yake nimekuta mia moja na tatu peke yake, nimeigeuza kila upande imegoma kugawanyika. Ni ya ile aina tuliyofundishwa darasa la sita. Jina lake unalijua, sina haja ya kuliandika.

Jumatano kwenye sala za jumuiya nimewaambia akina mama kwamba mwanangu amepewa namba yenye uzao wa thelathini na wawili. Wamecheka, mmoja akasema basi safari hii nyumba ya Joakimu imebarikiwa. Nilicheka nao. Unajua watu.

Mahafali nitakuja. Nimenunua kitenge cha kijani chenye maua ya njano, fundi wa Katesh anashona. Asante kwa kunichagua. Sikutegemea, na sitajifanya kwamba nilitegemea.

Jambo moja ninarudia kila mwaka: huko mbele za watu uniite Mama Mkubwa. Mama yako Marieta yupo Nangwa, mzima, anapumua. Mtu akiwa hai jina lake halichukuliwi.

Mama yako Mkubwa,
Gaudensia


Shuleni, Endagikot
17 Agosti 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo.

Nimepokea barua na vile vigawo vyote. Asante, umefanya kazi kubwa, na mwandiko wa Baba Joakimu pembeni umenichekesha.

Namba bado naiangalia. Kuna vitu havijakaa sawa, nitakueleza tukionana.

Kuhusu mahafali, nimekuwa nikifikiri. Barabara ya Dongobesh wameichimba, magari yanalala njiani. Na Bibi miguu yake, nani atamwangalia? Sherehe yenyewe ni ya saa chache, hotuba nyingi, chakula kidogo. Ukiona ni shida, usijisumbue. Sitavunjika moyo. Mtihani ni Novemba, baada ya hapo nakuja nyumbani moja kwa moja.

Nasoma kwa bidii.

Violeth


Gitting
26 Agosti 2025

Violeth,

Marahaba.

Nimesoma barua yako mara mbili. Ya kwanza nikiwa nimesimama, ya pili nimekaa.

Barabara ya Dongobesh Tadei anaipita kila wiki na hajalala njiani hata siku moja, nimemuuliza. Bibi ana wajukuu tele uani. Kwa hiyo najua si barabara na si miguu.

Sikulaumu. Unajua kwetu ng'ombe akiwekeshwa kwa jirani mambo yanavyokwenda. Mlezi anakunywa maziwa, anapata mbolea, anamjua mnyama kuliko mwenyewe. Lakini ndama ni wa mwenye ng'ombe. Siku mwenyewe akija na kamba humuulizi swali, unamfungulia zizi na kumshukuru kwa maziwa. Mimi maziwa nimekunywa, Violeth. Ulikuja hapa una miaka minne huwezi kufunga kifungo, na tangu siku hiyo sikuwahi kula peke yangu. Nani mwingine kanipa hivyo? Nashukuru, na shukrani yangu haina jiwe ndani.

Msichana akimaliza shule anataka kusimama na aliyemzaa. Hata mimi ningetaka. Ungeniambia tu waziwazi, usingenizungusha na barabara.

Nitakwenda Nangwa mwenyewe kumwambia Marieta ajiandae.

Soma vizuri.

Gaudensia


Nangwa
4 Septemba 2025

Mwanangu Violeth,

Hujambo? Sisi wazima. Mimi si mwandishi kama dada yangu, utanisamehe.

Dada Gaudensia alikuja Jumatatu. Hakupanda gari, alishuka kwa miguu toka Gitting, akafika na vumbi hadi magotini. Hakukubali hata kukaa vizuri. Alisema wewe umeomba nije kwenye mahafali mimi. Akatoa kwenye mfuko nguo ya kitenge, kijani na maua ya njano, imeshashonwa. Akasema vaa hii, usiende kwa watu na nguo ya shambani. Nikapokea, sikujua kukataa namna gani. Alipoondoka nikaijaribu. Inaburuta chini. Unajua yeye ni mrefu na mimi ni mfupi. Nguo hii haikushonwa kwa ajili yangu.

Nilikaa nayo mapajani hadi watoto wakaniuliza kama nimefiwa.

Mwanangu, nitasema jambo ambalo sijawahi kukuambia. Mimi nilikugawa. Nilikuwa na mapacha, mmoja mgongoni na mmoja mbele, baba yako Gidion alikuwa mgonjwa, na dada yangu alikuwa na nyumba yenye ukimya. Watu walisema nimemkopesha. Mimi moyoni nilijua sikumkopesha, nilimpa. Yeye ndiye anayekataa kuamini. Miaka yote anakuja na kukuonyesha kwangu kama mtu anayeleta mnyama wa watu akaguliwe kama amenenepa. Mimi kila nikikuona umenenepa namshukuru Mungu na namshukuru yeye. Wazee walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hiyo kazi si mimi niliyeifanya.

Sasa niambie ukweli. Ni kweli wewe ndiye uliyeniomba? Kama ni kweli nitakuja, nitakunja pindo la nguo, nitasimama. Ila kama si kweli rekebisha haraka, maana dada yangu alitembea kilomita zote zile asilie ndani ya gari mbele za watu. Namfahamu.

Mimi mama yako,
Marieta Qamara


Shuleni, Endagikot
8 Septemba 2025

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo, na nakuomba usiiweke barua hii chini kabla hujaimaliza.

Mama ameniandikia. Ameniambia kuhusu nguo. Nimelia kwenye bafu hadi matroni akagonga mlango.

Sikumuomba Mama. Sikuomba mtu mwingine yeyote. Nilikuomba wewe tangu Julai na sijabadilika. Nilichofanya ni kukudanganya kuhusu barabara, na sababu yake ni namba.

Mwalimu Renatus alisema kwa mdomo, "Violeth, elfu mia moja na tatu," halafu akaandika ubaoni. Mimi nikakuandikia kwa maneno, sikuweka tarakimu. Wewe ukasikia elfu, mara mia moja na tatu, yaani 103,000. Na nani angesikia vingine? Huko sokoni hakuna mtu anayetaja elfu mia moja halafu aongeze shilingi tatu. Lakini ubaoni Mwalimu alikuwa ameandika moja, sifuri nne, kisha tatu. Elfu mia moja, halafu tatu. 100,003. Maneno ni yale yale, na ni namba mbili tofauti kabisa. Ile yako ina vigawo thelathini na viwili. Yangu haina hata kimoja, ukiacha moja na yenyewe.

Ni namba tasa, Mama Mkubwa. Nimeandika. Sikutaka kuliandika neno hilo kwako.

Nilipopata barua yako nikaona umewaambia akina mama wa jumuiya. Nikaona pia ulipofika kwenye mia moja na tatu uliruka jina. Nikakumbuka jikoni kwetu, nilipokuwa darasa la pili. Bibi alikuwa anamwambia mgeni, huyu mke wa Joakimu ni mchapakazi, basi tu ni tasa. Alisema kama vile anataja kabila lako. Wewe ulikuwa unakoroga ugali, na mwiko haukusimama. Mimi nilitegemea utasimama. Usiku huo sikukuuliza maana yake, nilimuuliza mwalimu, na mwalimu akadhani nauliza hisabati, akanieleza mambo ya namba. Nilifurahi sana. Niliamini kwa mwaka mzima kwamba Bibi alikuwa anasema wewe hugawanyiki.

Sasa fikiria mahafali. Ukumbi umejaa, watu wa Mbulu na wa Hanang, wengine wa jumuiya yako. Mimi nasimama na kipaza sauti, wewe pembeni yangu, nasema namba yangu ni tasa. Niliwaza vile watakavyokutazama. Nikaenda kwa Mwalimu Renatus kumwomba anibadilishie, nikamwambia nipe 103,000, tayari nyumbani wameshaifanyia kazi. Akasema namba haibadilishwi kama sare iliyobana. Akaniuliza nakimbia nini. Ndipo nikaandika ile barua ya barabara, nikidhani usipokuja hutaumia. Sikujua kwamba nakuumiza hapo hapo.

Baadaye nilirudi kwa Mwalimu nikamweleza yote. Hakunipa hotuba. Aliniambia nichukue vile vigawo vyako thelathini na viwili nivifungue kimoja kimoja, kila kimoja nikigawe hadi kikatae. Nimefanya jioni tatu. Arobaini nimeifungua, nimekuta mbili, mbili, mbili na tano. Mia nane ishirini na nne nimekuta mbili, mbili, mbili, na ile mia moja na tatu yako iliyogoma. Vyote viko hivyo. Ukiacha moja, nyumba yote ile uliyoijaza kwa maharage na mahindi imejengwa na watatu tu: mbili, tano, na mia moja na tatu. Na wote watatu ni tasa. Hakuna namba yenye uzao isiyotoka kwa tasa, Mama Mkubwa. Mwalimu anasema hata uende mbali vipi, mamilioni na mabilioni, hutakuta. Kwa Kiingereza jina lao linatokana na neno la kwanza, la kutangulia. Nimemuuliza nani kwa Kiswahili aliwapa jina la tasa, akasema hajui.

Kwa hiyo kazi yako haikupotea. Bila makosa yako nisingeliona hili.

Nimeshaichunguza yangu pia. Nimeijaribu kwa tasa zote hadi mia tatu kumi na tatu, na hapo unaruhusiwa kuacha, kwa sababu tasa inayofuata ukiizidisha kwa yenyewe inaipita namba yangu. Zote zimebakisha kitu. Ukiigeuza nyuma mbele inakuwa 300,001, na hiyo inagawanyika: kumi na tatu, mara arobaini na saba, mara mia nne tisini na moja. Nimeijua kama ng'ombe wangu. Nimeanza hata kuipenda.

Naomba uje. Ukikataa nitasimama peke yangu, nafasi ya pembeni nitaiacha wazi, na watu waulize.

Mwanao,
Violeth


Gitting
16 Septemba 2025

Violeth mwanangu,

Marahaba mara mia.

Kwanza nikugombeze, halafu nishukuru, maana nikianza na shukrani nitasahau kugombeza.

Ulidhani neno litaniua? Neno hilo nimeamka nalo na kulala nalo kabla wewe hujaota meno. Nimelisikia kisimani, nimelisikia hata kanisani kwa sauti ya chini. Mwiko haukusimama siku ile kwa sababu ugali ukiacha kukoroga unapata mabuja, na aliyekuwa na njaa ni wewe. Kama nisingelizoea, nani angekupikia? Kisichozoeleka ni mtoto wangu kunificha. Hilo ndilo liliniuma, na ukilirudia nitakuja na fimbo, nisisubiri mahafali.

Na mimi nina kosa langu. Niliruka kuliandika, nawe ukaona. Mtu mzima anaogopa herufi nne kwenye karatasi, halafu anashangaa mtoto wake kuogopa. Basi tumefanana. Nimelea kweli.

Kuhusu watatu kujenga nyumba ya thelathini na wawili, nimemsomea Baba yako. Akaenda kutazama ng'ombe ambao alikuwa ametoka kuwatazama. Mimi sikuhitaji namba ije kunifariji, Violeth. Lakini nimeipokea na nakushukuru, kwa sababu ulikaa jioni tatu ukinitafutia. Na huyo aliyewapa jina hilo kwa Kiswahili, mwambie Mwalimu wako kwamba hakuwahi kulea.

Halafu nikaichukua yako halisi, ile ya sifuri nne. Nikasema wacha nione huyu mgumu. Sikumaliza zote kama wewe, sina masomo hayo. Nilifika saba nikaacha. Elfu mia moja na tatu ukiigawa kwa saba unapata elfu kumi na nne, mia mbili themanini na sita, na inabaki moja. Nimeirudia kwa mahindi na kwa kalamu. Inabaki moja.

Marieta ana watoto saba nyumbani Nangwa. Mungu anisamehe, kwetu watoto wa mtu hawahesabiwi, lakini wewe unawajua. Alishagawa kila kitu alichokuwa nacho kwa hao saba, chakula, blanketi, mgongo wake, na ikabaki moja. Nimeitazama ile moja chini ya mstari mpaka taa ikafifia. Watu huona baki ni kitu kilichokosa mahali. Mimi ndiye niliyepewa baki, na sijawahi kukosa kitu tangu siku hiyo.

Nitakuja. Ila Marieta tayari ana nguo yangu na ameshakunja pindo, siwezi kumvua. Nimempigia simu. Amesema kile kitenge dukani bado kipo, amekwenda Katesh mwenyewe kuninunulia kingine, na fundi anamalizia. Kwa hiyo tutakuja wote wawili tumevaa sare. Mlinzi wa getini akisema mzazi mmoja, tutajua hapo hapo.

Mama yako Mkubwa,
Gaudensia


Shuleni, Endagikot
20 Septemba 2025

Mama mpendwa (barua hii ni ya Nangwa),

Shikamoo. Asante kwa kuuliza. Asante kwa kuandika ulichoandika, najua haikuwa rahisi. Sina hasira na neno kugawa. Nimelitumia sana mwaka huu na nimeona si neno baya.

Njooni wote wawili. Nimeomba kwa Mwalimu Renatus, amesema kiti cha pili atatoa chake.

Mwanao,
Violeth


Gitting
1 Oktoba 2025

Violeth mwanangu,

Hujambo? Tulifika salama. Tadei alitupandisha mbele, Marieta katikati, tukaimba hadi Dongobesh, ndipo yeye akalala begani kwangu kama alivyokuwa akilala utotoni.

Nataka nikuandikie kitu ambacho wewe hukukisikia, kwa sababu ulikuwa mbele na kipaza sauti.

Kwanza, ulipotaja namba, ulitaja vizuri. "Elfu mia moja, halafu tatu." Mama mmoja mbele yetu akamgeukia mwenzake, akasema hiyo ni elfu mia moja na tatu, mwenzake akasema si hiyo. Walibishana muda wote wa hotuba ya mgeni rasmi. Nilitamani kuwasaidia.

Mwalimu Renatus alipoita mzazi wa Violeth Gidion, Marieta alinishika mkono. Nilidhani ananizuia, kwamba dakika ya mwisho moyo umemgeuka. Nikasema moyoni, sawa, ni haki yake, nikalegeza mwili nibaki kwenye kiti. Kumbe alikuwa ananisukuma. Mdogo wangu ana nguvu za mtu wa jembe, karibu nianguke juu ya padri.

Uliposema lile neno, ukasema haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, ulinitazama kwanza. Nilikuona. Sikuinamisha kichwa. Na nguo hii haiburuti, inafika inapotakiwa.

Hili linalofuata sikulisikia mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa mbele na wewe. Amenisimulia mke wa katekista wa kwetu, alikuwa amekaa nyuma ya Marieta. Anasema mwanamke mmoja wa Mbulu alimgusa Marieta begani, akaona nguo zetu zinafanana, akamuuliza, "Yule mrefu aliyesimama na msichana, ndiye mama yake?"

Marieta akasema, "Ndiye."

"Na wewe?"

"Mimi ni mama yake mdogo."

Sikumuuliza Marieta. Njia nzima hakulitaja, na mimi sikulitaja. Alipokuwa amelala begani nilitaka kumwamsha nimwambie asante, nikaona mtu aliyebeba kitu kama hicho siku nzima aachwe apumzike. Nimemtumia debe la maharage kupitia Tadei. Atajua ni ya nini.

Bibi aliniuliza jioni ile, mtoto alisema nini mbele za watu. Nikamwambia alisema namba yake ni tasa. Akanyoosha miguu yake motoni, kisha akasema Joakimu aongeze kuni, maana mimi nimetoka safari ya baridi. Kwa Bibi hiyo ni nyingi. Nimeipokea.

Samli nyingine inakuja kwa lori lijalo. Soma, ule, ulale. Mtihani ukiisha nyumba iko wazi.

Mama yako,
Gaudensia